Kujiandaa na sehemu ya kusoma ya IELTS: muda hautoshi na "Haijatajwa" inanichanganya

Muuguzi wa Temeke

Habari zenu ndugu. Naomba mwongozo kwa yeyote anayeufahamu vizuri mtihani wa IELTS wa kitaaluma, yaani ule wa kupima Kiingereza kwa wanaoomba vyuo vya nje. Mimi ni muuguzi hapa Dar es Salaam, nakusudia kuomba nafasi ya shahada ya uzamili nchini Uingereza, na chuo ninachokilenga kinataka alama 7 kati ya 9 katika sehemu ya kusoma. Sekondari nilisoma kwa Kiingereza kama wengi wetu, na ripoti za wodini huandikwa kwa lugha hiyohiyo, kwa hiyo msamiati haunisumbui sana. Tatizo ni kwamba kila ninapojipima nyumbani, dakika 60 huisha nikiwa bado katikati ya kifungu cha tatu, na yale maswali ya kuchagua kati ya "Kweli", "Si kweli" na "Haijatajwa" huwa nayakosa hata pale ninapoamini kwamba habari nimeielewa. Zamu zangu hubadilika kila wiki, hivyo darasa la jioni haliwezekani. Nijiandae vipi peke yangu?

Mwalimu wa Ubungo

Ndugu Muuguzi, pole na majukumu. Mtihani huo una vifungu 3 vyenye jumla ya maneno kati ya 2,150 na 2,750, na maswali 40 ambayo kila moja lina alama sawa na lingine. Kwa mtihani wa kitaaluma, majibu sahihi 30 hivi ndiyo hukufikisha kwenye alama 7. Kwa hiyo swali moja gumu halistahili kukupotezea dakika tano ambazo zingekupatia majibu manne katika kifungu kinachofuata. Liwekee alama, andika jibu unaloliona lina uwezekano mkubwa zaidi, kisha songa mbele, kwa kuwa jibu lisilo sahihi halipunguzi alama ulizokwisha kupata.

Kuhusu "Haijatajwa", naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo wasomaji wazuri wanapoangukia. Chukua sentensi hii: "Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914." Ukiulizwa kama ujenzi hadi Kigoma ulichukua zaidi ya miaka 20, jibu ni "Si kweli", kwa kuwa miaka iliyoandikwa inaipinga kauli hiyo moja kwa moja. Sasa ukiulizwa kama reli hiyo ilijengwa ili kusafirisha malighafi kwenda pwani, karibu kila aliyesoma somo la historia katika shule zetu ataandika "Kweli", maana ndivyo tulivyofundishwa kuhusu uchumi wa kikoloni. Jibu sahihi ni "Haijatajwa". Sentensi haikusema lolote kuhusu sababu ya ujenzi, na mtihani haupimi unachokijua bali kile ambacho kifungu kimekisema. Wewe ukiwa muuguzi, jihadhari zaidi na vifungu vinavyohusu afya, kwa sababu huko ndiko ujuzi wako wa kazini utakapokuja kukujibia swali bila kuitwa.

Zoezi ninalolipendekeza ni hili: kwa kila jibu unaloandika, pigia mstari maneno ya kifungu yanayolithibitisha au kulipinga. Usipoyapata, hiyo ni "Haijatajwa". Mwanzoni fanya bila kutazama saa kabisa, na uharakishe pale tu mkono utakapokuwa umezoea.

Mkazi wa Sinza

Naunga mkono, na ninaongeza mambo mawili. Ikiwa utafanya mtihani wa karatasi, fahamu kwamba katika sehemu ya kusoma hakuna muda wa ziada wa kuhamishia majibu, tofauti na sehemu ya kusikiliza, kwa hiyo yaandike kwenye karatasi ya majibu tangu mwanzo. Pili, maelekezo yakisema usizidishe maneno mawili, ukaandika matatu, jibu hilo limekosewa hata kama maana yake ni sahihi. Na tahajia nayo huhesabiwa.

Kwa utulivu, jaribu Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed siku unayotoka zamu mapema. Majaribio ya mfano yanapatikana bila malipo kwenye tovuti rasmi ya mtihani.

Muuguzi wa Temeke

Nawashukuru sana, mfano wa reli umenifungua macho. Naomba kuuliza jambo moja zaidi: maswali ya kuoanisha aya na vichwa vyake niyajibu kabla au baada ya mengine? Huwa yananichukulia muda mwingi kuliko yote.

Mwalimu wa Ubungo

Mimi huwashauri wanafunzi wangu wayajibu baadaye, isipokuwa kama kifungu ni kifupi. Maswali ya "Kweli" na "Si kweli" hufuata mpangilio wa habari katika kifungu, kwa hiyo ukiyamaliza kwanza utakuwa umekwisha pita sehemu kubwa ya aya na unajua kila moja inazungumzia nini. Kumbuka pia kwamba vichwa huwa vingi kuliko aya, na vile vya ziada mara nyingi hubeba neno lililomo ndani ya aya ilhali hoja ya aya nzima ni nyingine. Soma aya, jisemee hoja yake kwa Kiswahili kwa maneno machache, ndipo utazame orodha ya vichwa.