Kama balozi yupo, MI6 ya kazi gani?

Baba Zuwena: Wakuu, binti yangu wa kidato cha tatu kaniuliza: Uingereza ina balozi karibu kila nchi, sasa MI6, shirika lao la ujasusi wa nje, ya nini? Nisaidieni, jioni anataka jibu.

Mstaafu wa Bandarini: Balozi huambiwa kile wenyeji wanachotaka kukisema. MI6 inatafuta wanachokificha. Mchukue Oleg Gordievsky, ofisa wa KGB, shirika la ujasusi la Urusi ya Kisovieti. Tangu 1974 aliwapa Waingereza siri za Moscow. 1985 akashtukiwa, wakamvusha hadi Ufini ndani ya buti ya gari la kibalozi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kumpata mtu aliye ndani, kumlinda, kufikisha taarifa London. Bastola waachie sinema.

Kijana wa Sokoni: Na Iraki 2003 je? Silaha za maangamizi walizodai zipo kabla ya vita ziko wapi mpaka leo?

Mstaafu wa Bandarini: Hapo walichemka, sibishi. Chanzo kibovu, na wanasiasa walishakuwa na haraka zao.

Baba Zuwena: Wanaripoti kwa nani?

Mstaafu wa Bandarini: Waziri wa Mambo ya Nje. MI5, ya ndani, iko kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Sisi Tanzania, TISS, yaani Usalama wa Taifa, inabeba yote mawili, ya ndani na ya nje.