Git: nakala ya kazi ikae kwenye seva ya ofisi au kila mtu na laptopu yake?

kijana_sinza
Habari za jioni wakuu. Ofisini tupo watatu tunaandika programu, na mabadiliko tunayatunza kwa Git, programu inayoweka historia ya mafaili. Mwezi jana mwenzetu alikwapuliwa laptopu pale Mwenge akisubiri daladala, kazi ya wiki nzima ikaenda nayo. Bosi presha ikampanda, akatoa amri: wote tufungue folda moja iliyoko kwenye seva ya ofisi, tuhariri humo humo.

Jana niko katikati ya fomu ya malipo, mwenzangu akahamia tawi lake (mstari wake wa kazi ndani ya Git), mafaili yakabadilika nikiyatazama. Mbaya zaidi, mabadiliko yangu ambayo sijayakomiti (sijayahifadhi kwenye historia ya Git) akayakomiti yeye, kwa jina lake. Nimwambieje bosi?

Mkwezi
Pole mkuu, ila nimecheka. Folda ya kazi ina HEAD moja, alama ya Git, nayo ndiyo inayosema mko tawi gani. Watu watatu, HEAD moja: akihama mmoja mmehama wote. Linus Torvalds alipoianzisha Git 2005, alitaka kila mtu awe na ripozitori (hazina ya mradi) yake kamili, historia yote ndani. Kwenye seva wekeni ripozitori isiyo na mafaili ya kuhariri (`git init --bare`). Kila mtu akloni (achukue nakala kamili) kwenye diski yake, apushi (atume komiti zake) huko kwenye seva.

mama_terminali
Na huyo wa Mwenge hakupoteza kazi kwa sababu ilikuwa kwenye laptopu. Wiki nzima hajapushi! Kila mtu awe na tawi lake, apushi kila jioni hata kama kazi ni nusu. Diski ifungwe kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, mwizi aambulie bati.

kobe_wa_mbezi
Mimi bosi namwelewa. Sisi tunafanyia kazi ndani ya seva kwa SSH (kuingia kwenye seva kwa mbali), ila kila mtu na akaunti yake, na folda yake chini ya /home. Mtandao ukikata tunabaki kutazamana tu.

kijana_sinza
Je, nikiiweka ripozitori yangu kwenye folda ya wingu, ile inayojipakia yenyewe?

Mkwezi
Usithubutu. Ndani ya .git, folda Git inamoweka historia, kuna mafaili mengi yanayotegemeana, na wingu linayapandisha moja moja bila kujua hilo. Likikuta yanagongana linazaa nakala ya pili humo humo, ripozitori inaharibika. Kagua na Desktop na Documents za Windows, mara nyingi zimeshaunganishwa na wingu. Tumia C:\kazi. Njia ya faili (majina ya folda hadi faili) ikiwa ndefu, kuna programu za Windows zinagoma ikifika herufi 260.

mama_terminali
Kama unatumia WSL (Linux ndani ya Windows), weka upande wa Linux. Ukiiacha /mnt/c (diski ya C ya Windows), `git status`, amri ya kuona kilichobadilika, utaisubiri hadi chai ipoe.

kijana_sinza
Nimemwonesha bosi uzi huu. Kauliza moja tu: "Na atakayesahau kupushi?"

mama_terminali
Saa kumi na moja jioni bosi aendeshe amri hii kwenye seva: `git for-each-ref --sort=-committerdate`. Matawi yatajipanga kwa tarehe ya komiti ya mwisho iliyofika, mpya juu. Wa mkiani asiondoke kwanza.