Mtu akishambuliwa mtandaoni, kwa nini wachache tu huingilia?

Swali: Kundi lina watu 200, mmoja anatukanwa, wote kimya. Anayejitokeza anasukumwa na nini?

Jibu: Wanasaikolojia Latané na Darley walitaja hatua 5 za mtu kuingilia kati, mwaka 1970: kuona, kutambua kuna hatari, kujiona unahusika, kujua la kufanya, kutenda. Mtandaoni wengi hukwama ya pili (“si utani tu?”) au ya tatu, kila mtu akimtegea mwenzake. Anayemfahamu anayeonewa, au aliyeombwa kwa jina, si rahisi ategee.

Jibu: Ongeza woga wa kugeuziwa kibao, ndiyo maana wengi humfariji mhusika faraghani. Si haba. Piga picha ya skrini kwanza, ujumbe hufutwa, kisha ripoti. Kumrudishia mchokozi matusi ni kumpa jukwaa.

Muulizaji: Kumbe nimtaje admini kwa jina?

Jibu: Mmoja tu. Ukiandika “maadmini”, wanategeana tena.