Sare ya judo inanuka jasho hata baada ya kufuliwa

Swali (Likoni): Assalaam alaikum. Sare ya mwanangu, ya pamba nzito, hainuki vizuri kamwe, nayo imeanza kugeuka manjano. Naomba ushauri.

Jibu (Kisauni): Waalaikum salaam, dada yangu. Isilale mkobani, kwani unyevu wa pwani huleta ukungu upesi. Iloweke katika maji baridi yenye siki kidogo, kisha uifue na kuisuuza mara kadhaa, kwa kuwa maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu vizuri na huacha sabuni ndani ya nyuzi.

Jibu (Tudor): Dawa ya klorini iepuke kabisa: hudhoofisha pamba, na ikichanganyika na siki hutoa gesi ya sumu. Maji moto nayo huirudisha nguo, mikono ikawa mifupi. Ianike penye upepo.

Swali (Likoni): Ahsanteni sana. Klorini ndiyo niliyokuwa nikitumia, naiacha leo.