Kava za injini za alumini, nizing'arishe vipi mpaka zitoe kioo?

Mwana_Makorora:
Habari zenu wakuu, niko Tanga hapa Makorora. Nina Honda CG125 aliyoniachia marehemu baba, injini nzima kabisa kiki moja inawaka, tatizo muonekano. Ilikaa miaka sita kwenye kibanda huko Raskazone upepo wa bahari unapiga usiku na mchana, sasa kava zote mbili, la krachi na la magneto, zimefanya unga mweupe, na la krachi lina vishimo ukipitisha kucha inakwama. Nimesugua na stilwaya hamna kitu, nikamaliza nusu tyubu ya polishi, iking'aa siku mbili wingu linarudi. Nataka mtu ajione uso. Mzee kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alikuwa lazima aifute hii pikipiki. Jirani anasema nichovye kwenye kostiki, mwingine maji ya betri. Naogopa, maana vipuri orijino siku hizi kutafuta kwa tochi. Nifanyeje?

fundi_kava:
Mungu amrehemu mzee. Kostiki USIGUSE, ile ya kutengenezea sabuni inakula alumini yenyewe, utaona inachemka inatoa gesi, na gesi hiyo ni haidrojeni inashika moto, halafu kava linatoka jeusi. Maji ya betri nayo ni asidi, achana nayo.
Polishi haiondoi mkwaruzo wala kishimo mkuu, kazi yote iko kwenye msasa. Mwaga oili, fungua kava, osha grisi na mafuta ya taa, halafu angalia kama lina rangi ya silva au klia (vanishi isiyo na rangi) ya kiwandani, kama ipo paka rimuva, dawa ya kubandua rangi, itoke yote maana ukisugua juu yake unajichosha bure. Baada ya hapo msasa wa maji. Penye vishimo anza namba 240 (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi), kwingine 400 inatosha, kisha 600, 800, 1000, 1500, 2000, maji na sabuni kidogo muda wote. Kila ukibadilisha namba geuza upande wa kusugua, kama 400 ulienda urefu basi 600 nenda upana, usihame mpaka mistari ya mwanzo imeisha yote. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanaharakisha, mstari wa 400 ukibaki utauona juani hata upake polishi ya namna gani. Na kishimo usikichimbe peke yake, sugua eneo pana, ukikazania sehemu moja unaacha bonde na kioo kitalionyesha.

Mwana_Makorora:
Shukrani sana mkuu. Nina grinda ndogo, naweza kufunga diski ya kitambaa niokoe muda?

mzee_wa_mkonge:
Mjukuu wangu, grinda ndogo inafika raundi 11,000 kwa dakika, kitambaa kisichotengenezwa kwa kasi hiyo kinapasuka. Tumia drili, kava libane vizuri, na diski usiipeleke ikutane na ukingo wa kava, itaunasa na kukurushia kava usoni. Anza na diski ya mkonge na sabuni ya kung'arishia ile kali, malizia na pamba laini na sabuni nyeupe. Ndiyo, mkonge huu huu wetu, ulioletwa huku mwaka 1893, kwenye kung'arisha chuma unatumika sana, nyuzi zake ngumu zinakata kuliko pamba. Vaa miwani na barakoa. Halafu usisage chuma karibu na vumbi la alumini, cheche ikiangukia pale ni moto.

Mwana_Makorora:
Shikamoo babu, nimekuelewa. Nikimaliza nipige klia juu isirudi wingu?

fundi_kava:
Mi siipendi, alumini iliyong'aa vile klia haishiki vizuri, chumvi ikipenya pembeni inaanza kubanduka vipande vipande na chini kunafanya utando, unarudi kwenye rimuva. Osha na maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, paka nta. Kwa hewa ya Tanga kila wiki ifute na maji baridi yasiyo na chumvi, nta rudia kila mwezi. Na kabla ya kufunga kava weka gasketi mpya, ile ya zamani itavuja oili juu ya kazi yako.

Mwana_Makorora:
Leo nimefika 600 kava la krachi, vishimo havipo. La magneto naanza kesho.