MKUU WA KITOVU!!! Yule jamaa wa studio leo kanivua nguo mbele ya ukumbi mzima

Fremu25:

Wakuu habari za usiku. Salamu ndefu sina, mikono bado inatetemeka.

Mliopo hapa chuoni mnamjua ninayemsema. Yule anayevaa hedifoni shingoni hata akienda kula ugali. Simtaji jina, hata mkinibana simtaji.

Leo jioni tumeonyesha taarifa ya habari ya wanafunzi, ile ya kufunga muhula. Ukumbi umefurika, watu wamekaa hadi madirishani. Kiti cha mbele kabisa yupo mkuu wa kitivo, suti safi, mkewe pembeni na mtandio wake, wametulia. Dakika ya tatu anatokea mwenyewe kwenye skrini, anahojiwa habari za maabara. Jina lake limeingia, sawa. Chini ya jina, kwa herufi za dhahabu zinazomeremeta kama duka la simu la Kariakoo: MKUU WA KITOVU.

Kitovu! Cha tumboni! Sekunde tano nzima! Video yetu inakwenda fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazofuatana, kwa hiyo nimekaa pale nikatazama fremu 125 za kitovu, moja baada ya nyingine, kwenye ukuta mzima. Watu walicheka mpaka popo wa darini wakahama. Mke wa mkuu kajifunika mtandio usoni, mabega yanaruka.

Halafu yule wa hedifoni akasimama. Akageuka taratibu. Akaninyooshea kidole mimi, mbele ya watu wote wale, akasema: "Mtu wa vimaandishi ni yule pale."

Vimaandishi!

Nimekesha usiku nne kwa ajili ya hayo majina na vyeo vinavyotokea chini ya skrini mtu akiongea. Watu 19. Nani hapa anajua kazi yake? Templeti za kupakua, ile mifano iliyo tayari ya kujaza tu majina, zimetengenezwa kwa ajili ya kina John Smith, jina fupi, cheo neno moja. Sasa chukua "Mhadhiri Mwandamizi, Idara ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano kwa Umma" uiingize mle, uone. Inatoka nje ya skrini inakwenda kutafuta daladala. Ndiyo maana niliacha templeti nikatengeneza yangu kuanzia sifuri: kisanduku kinajivuta chenyewe kufuata urefu wa jina, mstari unafunguka kwa fremu 12, jina linafuata nyuma kidogo, cheo kinaingia mwisho, vinatulia bila kugongagonga, watu wasome, vinaondoka kwa kasi kuliko vilivyoingia ili visimkere anayeongea. Nikaacha nafasi pembeni asilimia 5, yaani pikseli 96 kila upande na 54 chini, kwa sababu projekta ya ule ukumbi naijua, inakula kingo. Kila cheo nimekwenda kumuuliza mwenyewe na nikamwonyesha nilivyoandika. KITIVO nimekiandika mimi kwa mkono wangu na mwenyewe akatikisa kichwa, akasema hapo sawa binti.

Bwana hedifoni kafungua kazi yangu kwenye kompyuta ya studio, kakuta fonti, yaani aina ya herufi niliyotumia, haipo, herufi zimebanana. Hosteli ninayolala kutoka studio ni dakika nne kwa mguu. Hakuja. Hakupiga simu. Katoa simu yake mfukoni, kaandika majina yote 19 upya humo, na mnajua kwenye kibodi u, i na o zimekaa jirani mlango kwa mlango. Kisha kayatoa kwa mp4 ya kawaida, ambayo haibebi uwazi wa kuacha picha ya nyuma ionekane, kwa hiyo kila jina lilikuja na sanduku lake jeusi nyuma kama jeneza. Mkuu wa kitivo sanduku limemkata tai katikati. Alitakiwa atoe ProRes 4444, aina ya faili la video linalobeba uwazi, au hata picha za PNG zilizopangana, hilo tunafundishwa mwaka wa kwanza!

Kisha baada ya yote hayo, kidole kwangu. "Mtu wa vimaandishi ni yule pale." Sekunde tano za kitovu ningezisamehe. Kile kidole sikisamehi.

Kibodi Mbovu:

Siti ya mbele. Nilikuwepo ukumbini. Aliyepiga kelele "tumbo lisisahauliwe!" ni mimi, nisamehe dada, nilizidiwa.

Chumvi Nyingi:

Mkuu wa Kitovu 😂😂😂😂 Kumbe ndiyo maana chuo hakina afya. Naibu wake nani, Mratibu wa Mbavu?

Taa Nyekundu:

Mimi ningependa kujua aliyeandikwa pale kwenye matangazo ya michezo "KOCHA WA MPILA". Au hilo nalo ni u, i na o?

Fremu25:

Hilo nalo ni lake. Yote 19 kayaandika upya. Na mimi ndiye niliyenyooshewa kidole.

Sugu wa Mabibo:

Mtoa mada umeandika gazeti zima, ila ukweli usemwe: ni vimaandishi. Vinaingia, vinatoka. Nchi ina mambo mengi.

Fremu25:

@Sugu wa Mabibo kaka, hapana. Mama mmoja analia kwenye skrini, hujui kama ni mzazi, shahidi au mtuhumiwa. Kinachokuambia ni hicho kimstari cha chini. Kwenye vyumba vya habari vya Uingereza wanakiita aston mpaka leo, kwa jina la kampuni iliyotengeneza mashine za kuandika majina kwenye televisheni. Kazi iliyobeba jina la kiwanda huko, kwetu inanyooshewa kidole. Mtu amekuja na cheo alichokisomea miaka 20, wewe unamfanya kitovu mbele ya mkewe!

Mzee wa Tripodi:

Binti, nakuonea huruma lakini na wewe ulikosea. Nimefanya kazi hii muda mrefu. Projekti haitoki kwako bila fonti yake kwenye flashi. Na siku ya kuonyesha unakuwepo studio, huendi kulala.

Fremu25:

Mzee wangu shikamoo. Fonti ilikuwepo kwenye flashi. Kwenye folda nimeandika kwa herufi kubwa FONTI SAKINISHA HII KWANZA. Na sikwenda kulala, nilikuwa kwenye mtihani.

Mzee wa Tripodi:

Marahaba. Hapo basi nimeelewa. Huyo ni wa kufukuza na fagio.

Nyaya Tupu:

Wewe shukuru umeitwa mtu. Mimi ni wa sauti, huyo huyo mwenye hedifoni ananiita "kijana wa nyaya" tangu mwaka wa kwanza. Nimeshika maikrofoni ya mti juani saa mbili, mkono umekufa ganzi, akaja kuondoa sauti yangu yote akaweka muziki. Mahojiano! Kaweka muziki kwenye mahojiano!

Chumvi Nyingi:

@Nyaya Tupu halafu muziki wenyewe ule wa filimbi 😂 nilidhani tangazo la dawa ya mbu.

Sugu wa Mabibo:

Kumbe filimbi ilikuwa makusudi? Mimi nilijua spika imeungua.

Bi Samli:

Nyie mna bahati yenu ni taarifa ya habari, inapita. Mimi video ya harusi ya mdogo wangu, tumelipa, mpiga picha kaweka templeti aliyotoka nayo harusi ya wiki iliyopita, kasahau kubadilisha jina la bwana harusi. Mpaka leo ukifungua, mdogo wangu anaingia ukumbini na maua, chini pameandikwa anaolewa na mwanaume tusiyemjua. Bibi yetu hataki kuiangalia, anasema ni nuksi.

Kibodi Mbovu:

@Bi Samli huyo mwanaume mtafuteni tu, pengine ndiye wa halali.

Bi Samli:

@Kibodi Mbovu ukome. Shemeji yangu mtu mzima mwenye heshima zake.

Fremu25:

Wakuu naomba tubaki kwenye mada. Kidole, jamani. Alisimama, akageuka, akanyoosha kidole. Kesho nina kipindi naye saa mbili asubuhi, niingie vipi darasani?

Taa Nyekundu:

Bi Samli mpiga picha mlimlipa yote au mlibakiza? Sisi tulibakiza nusu, ndipo akarekebisha ndani ya siku mbili.

Bi Samli:

Kamati ililipa yote mwanzo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa binamu yake mpiga picha, hapo ndipo shida ilipoanzia.

Nyaya Tupu:

Kamati za harusi msinikumbushe. Nimechanga kadi ya double, nimefika na mchumba wangu, tumewekwa nyuma ya spika kubwa. Chakula kimefika kwetu kimebaki wali na majani ya mapambo.

Sugu wa Mabibo:

Double wanachukua shilingi ngapi sasa hivi huko kwenu? Mimi nimeletewa kadi leo, mtu mwenyewe tuliachana naye kidato cha pili.

Mzee wa Tripodi:

Usichange. Mwambie umesafiri.

Sugu wa Mabibo:

Mzee wangu, huyo mtu ananiona kila siku dukani, nitasafiri kwenda wapi?

Bi Samli:

Changa ya single, nenda peke yako, kaa karibu na mlango wa jikoni. Sinia likitoka tu unakutana nalo.