Shemeji ataka tung'oe mikorosho tupande paini Jilore. Nimkubalie?

mwana_jilore

Salamu waungwana. Nina jambo la shamba limenikaa kooni tangu Idi.

Marehemu baba alituachia eka 8 huku Jilore, si mbali na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kuna mikorosho ya zamani kama thelathini na miembe michache. Kwingine ni vichaka na mahindi ambayo mwaka mmoja yanatulisha, miaka miwili yanatutia aibu. Tuko ndugu wanne, ila aliyebaki nyumbani ni mimi.

Mume wa dada yangu mkubwa anafanya kazi Eldoret. Idi hii alikuja na wimbo mmoja tu: misonobari, yeye anaiita paini. Alipiga hesabu nyuma ya bahasha ya kadi ya harusi: ukipanda mita 3 kwa 3, eka moja yaingia miche karibu 450, kwa hiyo eka 8 ni miti 3,600, na kila mti ukiuzwa... Hapo nikamwambia anywe chai, inapoa. Ameshampata muuza miche aliyemhakikishia kuwa paini inamea popote. Anataka mikorosho yote ing'olewe kabla ya masika.

Sitaki kumvunjia heshima, ni mkwe wetu na pesa ya miche ni yake. Wenye uzoefu, kilimo hiki kina faida gani na kinauma wapi? Na ardhi yetu ya Pwani itaukubali huo mti?

fundi_makuti

Huyo aliyesema inamea popote, muulize yake ameipanda wapi. Nakaa kivulini nisome.

mtu_wa_mafinga

Habari za Kenya. Mimi niko Mufindi, Iringa, na paini ndiyo iliyonisomeshea wanangu wawili, kwa hiyo msinitarajie niitukane.

Hapa kwetu jirani yetu ni Sao Hill, shamba la miti la Serikali lililo kubwa kuliko yote Tanzania. Watu wazima walifanya vibarua humo, wakajifunza kupanda, kupogolea na kupunguza miti, kisha wakarudi vijijini wakapanda yao. Leo ukipita Mafinga unaona mbao zimepangwa barabarani kama matofali. Udongo uliochoka, ambao mahindi hayatoki bila mbolea, paini inaukubali. Haina haja ya kuangaliwa kila siku kama ng'ombe. Magugu ni ya miaka miwili mitatu ya mwanzo, halafu kupogolea, halafu unangoja. Ukibanwa na ugonjwa au ada, unauza kipande kikiwa bado kimesimama. Sisi tunaiita benki.

Sasa upande ambao shemeji hakuuandika kwenye bahasha. Mti tunaoupanda ni Pinus patula, asili yake milima ya Mexico. Huku tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, asubuhi tunavaa makoti. Eldoret nayo iko kama mita 2,100. Jilore mnavaa koti lini?

Pili, ubao wa maana unataka miaka 18 hadi 25. Wengi wetu hatufiki. Mwaka wa kumi mtoto anakwenda sekondari, dalali anajua, anakuja na pesa mkononi, na unamuuzia mti mwembamba ambao ubao wake unajipinda kabla haujapigiliwa misumari. Mimi shamba la kwanza niliuza hivyo. La pili nilimficha hata mke wangu umri wake.

Tatu, moto. Majani yake makavu yana mafuta, na jirani anayechoma shamba lake Oktoba hana nia mbaya, ila upepo hauulizi nia. Usipoacha kinga moto, yaani ukanda mtupu kuzunguka shamba, na kuisafisha kila mwaka, miaka kumi na tano inaondoka mchana mmoja.

Jingine watu hawalijui. Paini haiishi peke yake. Mizizi yake inategemea kuvu fulani wa udongoni, ndiyo maana kwenye vitalu tunachanganya udongo uliochotwa chini ya paini kubwa. Ukiupeleka mche mahali ambapo mti huo haujawahi kuwapo, bila udongo ule, unageuka njano na kudumaa, na wewe utadhani ni maji.

kijana_wa_kwale

Msimvunje moyo kabisa. Pwani paini ipo. Nenda Shimba Hills uone iliyopandwa zamani na Serikali, mirefu imesimama.

mtu_wa_mafinga

Ile ni Pinus caribaea, kijana, jamaa yake wa nchi za joto, kwao ni Karibea na Amerika ya Kati. Na Shimba Hills ni vilima vyenye ukungu na mvua kuliko tambarare za chini. Kwa hiyo mwana_jilore, swali la kwanza kwa muuza miche liwe jina la mti, jina zima. Akijibu "paini ni paini", rudisha pesa mfukoni.

bibi_wa_ganda

Mwanangu, mimi ni jirani yako, Ganda. Mbona unatafuta mti wa Wamexico na mvinje uko mlangoni?

Mvinje nao ni wa kuja, lakini umezoea mchanga wetu na upepo wa chumvi kuliko wenyeji wengine ninaowajua. Nilianza na eka moja, mita moja na nusu kila upande. Mwaka wa tatu nilipunguza nikauza fito na miti myembamba ya kuezekea, mwaka wa tano nikauza nguzo. Wanaojenga hoteli na nyumba za makuti wanakuja wenyewe na lori, wanahesabu wenyewe, na mimi nahesabu nyuma yao, maana wana tabia ya kusahau kumi kumi. Matawi yaliyobaki nimepikia mwaka mzima.

Tena mvinje unarudisha mbolea ya naitrojeni ardhini kupitia vijidudu vya mizizini. Mtu akibisha, mwambie aende Bamburi. Machimbo yale ya saruji yalikuwa mawe matupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti hapo, na mvinje ndio ulioshika pakawa msitu wa kutembelewa na watalii.

Ubaya wake pia nitausema. Takataka zake zinalala kama mkeka, hupandi mahindi chini yake baada ya mwaka wa kwanza au wa pili. Mche mchanga mchwa wanaupenda. Na tukiuza sote mwezi mmoja, bei inaanguka kama dafu.

Mikorosho usiing'oe. Mkorosho mzee unakatwa matawi ya juu ukachipua, au unabebeshwa kikonyo cha mbegu bora. Mti unaokulipa kila mwaka unauondoaje kwa ajili ya mti utakaokulipa ukiwa na mvi?

nahodha_wa_shela

Ndooni Lamu niwape kisa. Sisi miti yetu ni mikoko, na kila unene una jina na bei yake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Baba alikata, babu alikata, kwa kibali. Februari 2018 Serikali ikapiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, na sisi wa mikoko tukakumbwa ndani ya wavu uliotupwa kwa ajili ya milima ya bara. Majahazi yalikaa ufuoni. Huko bara marufuku ile ilikaa hadi Rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023.

Wako ni mti wa shamba lako, si wa Serikali, najua. Lakini barabarani lori likisimamishwa, anayekusimamisha anataka karatasi. Na mti wa miaka ishirini utapita mikononi mwa serikali nne au tano, kila moja na karatasi yake. Mvinje wa miaka mitano una bahati ya kukutana na moja tu.

Jambo lililonishtua kwenye maneno yako ni lingine: ndugu wanne, pesa ya mkwe. Sisi watu wa Pwani tunajua ardhi ni kitu kimoja na mnazi ulio juu yake ni kitu kingine. Mtu anauza shamba, minazi inabaki ya shangazi, na kesi inaingia kwa kadhi. Je, hiyo miti 3,600 itakuwa ya nani, ya aliyenunua miche au ya wenye ardhi? Hatimiliki bado ina jina la marehemu? Andikeni kabla ya shimo la kwanza. Dada yako asije akafiwa au akaachwa, Mungu apishe mbali, halafu mkajikuta mnagawana vivuli.

mtunza_vipepeo

Naongeza la maji. Afrika Kusini wamepanda paini na mikaratusi kwa wingi, na wakaona vijito vinapungua chini ya mashamba yale. Sheria yao ya maji ya 1998 imeiweka misitu ya kupandwa kibiashara katika kundi la shughuli zinazopunguza mtiririko wa mito, na mwenye shamba anatakiwa apate idhini ya maji. Nao wana mito. Sisi tuna mto Sabaki na visima.

Halafu wewe uko ukingoni mwa Arabuko-Sokoke. Mradi wa Kipepeo ulianza Gede 1993, majirani wa msitu wanafuga mabuu na kuuza vifukofuko ng'ambo. Vipepeo wanataka miti ya kienyeji wanayoila. Chini ya paini utaokota majani ya sindano na kimya.

mtu_wa_mafinga

Kimya hicho kimejenga nyumba za bati kijiji kizima, ndugu. Na kila ubao wa paini unaonunuliwa Malindi ni mti mmoja ambao haukukatwa msituni kwenu. Hilo pia liwekwe kwenye mizani.

mtunza_vipepeo

Hilo nakubali. Nilichokataa ni Jilore, sikuikataa Mufindi.

mwana_jilore

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jana nilimpigia shemeji nikamuuliza jina zima la mti. Akampigia muuza miche, akarudi kimya kidogo, akasema jamaa amemjibu "ni ile ya kawaida".

Tumepatana hivi. Mikorosho inabaki, mitano iliyozeeka zaidi tutaikata vichwa tuone kama itachipua. Eka 2 za bondeni, zilizokuwa vichaka, tunatia mvinje kwa pesa yake, na dada yetu wa pili, aliye karani, anaandika karatasi ya nani ana nini, sote wanne tutie sahihi. Paini ameomba miche kumi tu ya kujaribia, ile caribaea ya Shimba Hills huko Kwale, nyuma ya choo. Nimemwachia, asijisikie ameshindwa mbele ya wakwe.

Bibi wa Ganda, miche yako ya mvinje uliitoa kwenye kituo cha utafiti wa misitu pale Gede au uliotesha mwenyewe? Na hao wa lori wanaosahau kumi kumi, nipe dalili zao mapema.

bibi_wa_ganda

Niliotesha mwenyewe, mbegu niliokota chini ya mivinje ya ufuoni. Njoo Jumamosi na ndoo, nikupe miche mia mbili iliyonizidi. Wa lori utawajua: wanaanza kwa kukuita mama.